Gari la Jael na Goti la Mkwe

Watu wa soko la Kakamega wanamjua Jael kwa mambo mawili: sare za shule ambazo mshono wake haufumuki hata mtoto akipanda mpera, na ulimi wake. Mimi namjua kwa mengi zaidi. Kibanda changu cha vifungo, nyuzi na zipu kimepakana na chake, na kati yetu kuna bati moja tu lenye tundu la kupitishia kikombe cha chai. Jina langu ni Musimbi. Nikisema jambo hapa kwa hasira, mnisamehe au msinisamehe, ni shauri lenu.

Jael alizaliwa Mayoni, katikati ya miwa. Polio ilimkamata akiwa bado hajajua kukimbia, ikaiacha miguu yake miwili myembamba na isiyo na nguvu. Baba yake, mzee Masinde, hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alinunua cherehani kuukuu ya kukanyaga, akaing'oa pedeli, akampelekea fundi wa baiskeli aiwekee mpini wa kuzungusha. Akamwambia binti yake, "Wengine washone na miguu. Wewe utashona na mkono." Na kweli, ndivyo anavyoshona mpaka leo. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mdomo unatusema sisi tuliobaki.

Hakuolewa. Alimpata binti mmoja, Mitchel, kwa mwanamume mmoja wa kule kiwandani ambaye sukari ilipokosa soko na yeye alikosekana. Mitchel alikua akiwa miguu ya mama yake. Asubuhi alimfunga vyuma vya miguu, kamba kwa kamba, kisha akampa magongo yake ndipo akaenda shule. Mtoto huyo nilimpenda. Nasema hivyo mapema ili mjue kwamba sikumchukia tangu mwanzo.

Kitu ambacho Jael alikichukia kuliko njaa ni kubebwa. Ukiwa na miguu kama yake, kila safari ya pikipiki inaanza na mwanamume usiyemjua akikushika kwapani, na inaisha hivyo hivyo. Wapo wastaarabu wanaouliza kwanza washike wapi. Wapo wanaokunyanyua huku wakiongea na simu. Mmoja alimwangusha pale Ekero penye matope, halafu badala ya kuomba radhi akamwambia, "Mama, kumbe wewe ni mzito hivi?" Watu wakacheka. Jael naye akacheka nao. Alipofika kibandani alishona mpaka saa ya chakula, kisha nikasikia sauti yake kwenye lile tundu la bati.

"Musimbi, kabla sijakufa nataka nifike mahali siku moja. Nifike tu, bila mtu kunishika."

Nilimpitishia chai.

Aliyeleta habari ya gari ni Mwalimu Isaiah. Huyu ni mwalimu wa hesabu aliyekatwa mguu mmoja na kuumia mwingine katika ajali, na suruali zake zote humletea Jael azipunguze upande mmoja. Siku hiyo alikuja akiendesha mwenyewe, kama kawaida yake, akaegesha mbele ya vibanda vyetu na kupiga honi aletewe suruali garini.

"Mama Mitchel," akasema, "unajua hii gari sikulipia ushuru?"

"Wee! Uliiba?"

"Serikali ilinisamehe. Mlemavu akileta gari ya kuendesha na mikono, ile ushuru ya kuingiza gari wanaitoa. Lakini ni mara moja kwa miaka minne. Na iwe ni wewe unaendesha. Si shemeji, si pasta."

Akafungua mlango atuonyeshe. Chini ya usukani, upande wa kushoto, palikuwa na mkono wa chuma ulioshuka mpaka kwenye pedeli. Ukiuvuta kwako, gari linakwenda. Ukiusukuma mbele, breki. Jael aliuangalia ule mkono kwa muda mrefu. Nadhani alimwona baba yake pale, na ile cherehani.

Tangu siku hiyo hapakuwa na hadithi nyingine kwenye lile tundu la bati. Kila Jumamosi Isaiah alimpeleka uwanja wa kanisa, akamkalisha kwenye usukani, na mbuzi wa kasisi wakajifunza kukimbia. Alipopelekwa kwenye mtihani wa udereva na lile gari la Isaiah, alifaulu. Leseni yake aliiweka kifuani pamoja na pesa za nauli, na mteja yeyote aliyekaa zaidi ya dakika mbili alionyeshwa.

Kuomba msamaha wa ushuru nako kulikuwa na jasho lake. Miguu ambayo Mayoni nzima inaijua ilihitaji kuthibitishwa na madaktari. Akapimwa, akahojiwa, akasafiri hadi Nairobi akarudi. Sikusikia akilalamika hata mara moja. Maofisa walimheshimu, alisema, na mmoja alimuuliza atakwenda wapi kwanza akipata gari. Jael akamjibu kwamba atakwenda Mayoni kwenye kaburi la baba yake, aegeshe, akae ndani ya gari mpaka achoke, kisha arudi. Barua ya kukubaliwa ikaja.

Pesa za gari lenyewe alizitoa kwenye shamba. Mzee Masinde alikuwa amemkatia kipande cha miwa kabla ya kufa, jambo ambalo kaka yake Jael, Osiako, hakulipenda hata kidogo. Jael alikiuza kwa jirani na hakumwambia Osiako anataka kufanya nini. Kwetu mtu hatangazi gari kabla gari halijafika. Macho ya watu ni mengi, na gari ambalo halijafika linaweza kupotelea njiani kwa maneno tu. Kwa hiyo tulijua watu watano: yeye, mimi, Isaiah, Mitchel na mume wa Mitchel.

Sasa tumefika kwa mkwe.

Anaitwa Chrispinus. Anafanya kazi Mombasa, kwa watu wanaotoa magari bandarini, na ndiko anakoishi na Mitchel na mtoto wao, Shantel. Nani mwingine angeleta gari la Jael? Tulimshukuru Mungu kwamba mkwe yumo kwenye kazi yenyewe. Na adabu! Mjue kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mkwe anatoka njiani na kuinamisha kichwa. Hawaongei ana kwa ana mambo ya maana, na mkwe hawezi kukalia kiti ambacho ni cha mama mkwe. Vijana wa siku hizi wengi wanaruka haya mambo wakisema ni ya kale. Chrispinus hakuruka hata moja. Alipokuja kumwona Shantel akiwa mchanga, alipewa kiti pale kwa Osiako, Mayoni, akauliza kwanza ni nani aliyekuwa amekikalia. Akaambiwa ni mama mkwe. Alisimama wima mpaka kingine kikatolewa kwa jirani. Jael alijivunia kisa hicho miaka mingi. Mimi pia nilimsifu, tena kwa sauti.

Sasa tazameni adabu hiyo ilivyotufanya. Kama gari lingeletwa na mtu baki, Jael angempigia simu asubuhi na jioni, na ulimi wake mnaujua. Lakini huyu ni mkwe. Hawezi kumpigia. Kila swali lilipitia kwa Mitchel na kila jibu lilirudi kwa Mitchel, na binti yako mwenyewe utamshuku vipi?

Siku moja Mitchel alituma picha. Gari dogo la rangi ya fedha, na namba yake mbele. Picha nyingine ya ndani: usukani, na chini yake mkono wa chuma mpya kabisa unaong'aa. Gari limeshakaguliwa, Mitchel akasema, na wakubwa wameridhika. Jael alinionyesha picha hizo mara nyingi hivi kwamba ile namba niliijua kuliko namba yangu ya simu.

Akaanza mazoezi. Alichukua rula yake ya mbao ya kupimia vitambaa, akaishika chini ya meza ya cherehani kwa mkono wa kushoto, macho mbele. Akiivuta, anakwenda. Mimi kutoka upande wangu nilimpigia kelele, "Ng'ombe! Ng'ombe barabarani!" naye akaisukuma rula mbele kwa nguvu zote. "Umemgonga?" namuuliza. "Nimemkosa," anasema, "lakini mwenyewe amezirai." Wateja walidhani tumerukwa na akili.

Miezi ikapita. Gari lina karatasi imebaki, Mitchel akasema. Kisha ikawa bima. Kisha mvua, na barabara ni mbaya. Kisha Baba Shantel hana likizo, na gari kama hilo huwezi kumpa dereva yeyote. Kila sababu, ukiiangalia peke yake, ilikuwa nzuri. Isaiah ndiye aliyeanza kukuna kichwa. "Mwambie akutumie picha nyingine," akasema. Jael akakasirika, akamwambia suruali yake ataichukua wiki ijayo.

Halafu Mitchel akapiga simu na habari ya furaha. Baba Shantel anakuja Mayoni kumaliza mahari. Watakuja na wazee wake kwa matatu ya kukodi.

Tulifika kwa Osiako mapema. Mtu wa bodaboda alimbeba Jael kutoka kwenye pikipiki mpaka mlangoni, kwa sababu ua ulikuwa na matope, naye akafumba macho kama anavyofanya siku zote anapobebwa. Mama mkwe siku ya mahari hakai nje. Tulimweka chumba cha ndani karibu na dirisha, leso mpya mabegani, na mimi nikawa nakwenda jikoni na kurudi. Obusuma, ugali wetu, ulikuwa ukisongwa kwenye sufuria za harusi na kuku walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa.

Wageni walipoingia, matatu ilitangulia. Nyuma yake likaingia gari dogo la rangi ya fedha.

Niliisoma namba kutoka mlango wa jikoni. Nikakimbia chumbani. Jael alikuwa ameshaiona, na alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniuma.

"Musimbi, wameniletea! Ndio maana Mitchel alisema wanakuja na matatu. Walitaka kunishtua."

Alikuwa analia na kucheka. Akaitoa leseni kifuani, akaifuta kwa leso, akairudisha. Sijawahi kumwona hivyo, na nitasema ukweli, nami nililia. Tulikubaliana tutulie, maana funguo zitatolewa mwishoni, pamoja na zawadi za mama. Mambo mazuri hayaanzi kabla ya chakula.

Tukala. Wazee wakahesabu ng'ombe kwa maneno yao ya mzunguko. Kisha mzee Phanuel, msemaji wa upande wa Chrispinus, akasimama uani kutoa zawadi. Blanketi la mama. Tukapiga vigelegele. Leso. Vigelegele. Sufuria. Jael alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, akingoja.

"Na mjue mmeoza binti kwa mwanaume," akasema Phanuel. "Mkwe yenu haombangi lifti. Hii gari mnaona hapa, ni jasho yake mwenyewe. Msichana yenu akitembea, anatembea juu ya magurudumu!"

Ua mzima ukashangilia. Osiako alishangilia kuliko wote. Na kwenye benchi la akina mama vijana Mitchel alikuwa ameketi na Shantel mapajani. Nilimtazama kupitia dirisha nione kama atainua hata kidole. Alitabasamu na kupanga nywele za mtoto.

Jael akasema, "Nipe magongo yangu."

"Mama Mitchel, mama mkwe hatoki nje," mama mmoja akamwambia.

"Nipe magongo."

Nilimpa. Nikataka kumshika kiuno pale kizingitini, akanitazama, nikaondoa mkono. Akatoka mwenyewe. Kelele zikakatika kidogo kidogo, meza kwa meza, mpaka tukasikia vyuma vyake vikigonga magongo. Matope yalikuwa yale yale ya asubuhi, akayavuka mwenyewe.

Chrispinus alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, mlango wazi na mguu mmoja nje, anachaji simu. Alipomwona mama mkwe anamjia aliruka nje. Na akafanya nini? Akainamisha kichwa, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ua wa miti, akasimama pale amempa mgongo, kwa heshima. Yaani heshima bado ilikuwepo! Ningekuwa na kitu mkononi ningemtupia.

Jael alifika, akashika mlango, akainama kuangalia chini ya usukani. Nami nilikuwa nyuma yake nikaangalia. Hapakuwa na mkono. Palikuwa na vitundu vya skrubu, na alama nyeupe kwenye pedeli mahali ambapo chuma kilikuwa kimebana. Kitini palikuwa na mto mdogo wa mgongo, umekwisha kuchukua umbo la mtu.

"Mitchel," akaita, bila kupaza sauti.

Mitchel akaja, amemwacha mtoto.

"Mkono iko wapi?"

"Mama, twende ndani tuongee."

"Nimekuuliza mkono."

Mitchel aliangalia miguu ya mama yake, vile vyuma alivyovifunga tangu utotoni. "Ilikuwa inagonga Baba Shantel kwa goti," akasema.

Nadhani wengi hawakuelewa hata ni mkono gani. Mimi nilielewa. Kumbe Mitchel alijua. Alikuwepo fundi alipokuwa akifungua skrubu, akasikia goti la mumewe linauma, akaona ni haki.

"Tungekuletea, mama," Mitchel aliendelea, na sasa alikuwa analia. "Tulisema tu tutumie kidogo kwanza. Na wewe, mama, kweli... ungeendesha ukienda wapi?"

Ofisa wa Nairobi aliuliza swali hilo hilo, lakini yeye alitaka kusikia jibu. Jael hakumjibu binti yake. Alimgeukia Osiako, aliyekuwa amekuja akiwa bado ameshika kikombe.

"Hii gari ndio ile miwa ya baba," akamwambia. "Niliuza nikanunua hii. Serikali ilinisamehea ushuru kwa sababu ya mkono, ati niendeshe mimi. Saa hii mkono hakuna. Sasa mwongo ni nani? Jina kwa karatasi ni yangu. Mwongo ni mimi."

Osiako alikiweka kikombe chini kwenye matope. Nilimwona akiliangalia gari lile, kisha akamwangalia dada yake, na kile kinyongo chake cha shamba kikamtoka usoni nikiona.

Ndipo Jael alipofanya kile ambacho Mayoni bado inakisimulia. Akautoa ule mto wa mgongo, akauangusha nje. Akageuka, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akaingiza mguu mmoja kwa mikono yake, kisha wa pili. Akatandika leso yake vizuri kitini, kama mwenye nyumba. Akashika usukani kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishuka wenyewe chini, mahali ulipozoea kuikuta rula, ukashika hewa. Ulibaki pale, umekunjwa, haushiki kitu.

Wazee wakaanza kuelewa polepole. Mama mkwe amekaa. Amekaa mbele ya pande zote mbili, siku ya mahari, na leso yake ameitandika. Hicho sasa ni kiti chake. Mkwe hawezi kukikalia tena.

Mzee Phanuel akakohoa. "Mambo ya zamani hayo," akajaribu kusema, "hata sisi siku hizi..." Lakini alipogeuka kwa wazee wenzake alikuta wote wanaangalia chini. Akamwangalia Chrispinus kule kwenye miti, mtu aliyesimama wima kwa ajili ya kiti cha mbao. "Basi hapo siwezi kukusaidia," akamwambia.

Chrispinus hakugeuka. Kama angegeuka na kusema hata "nisamehe, mama," labda ningeandika habari nyingine. Lakini mkwe haongei na mama mkwe ana kwa ana, si ndiyo? Alitoka kwa lango la nyuma akaingia kwenye matatu na wazee wake. Ng'ombe walibaki na gari likabaki.

Gari hilo bado liko pale kwa Osiako mpaka leo ninapoandika. Kuku wanalala chini yake. Isaiah alikwenda akachungulia vile vitundu na kutikisa kichwa. Mkono mwingine unaweza kufungwa, anasema, lakini lazima uagizwe, ukaguliwe upya, na kabla ya hayo Jael akawaeleze wale waliomwamini ni nini kilitokea kwa ule wa kwanza. Ule wa kwanza uko Mombasa kwa fundi fulani, au haupo. Miaka minne nayo inahesabiwa kwa jina la Jael. Chrispinus haihesabu. Rula imerudi kupima vitambaa, na mimi sipigi tena kelele za ng'ombe.

Lakini hayo yote naweza kuyavumilia. Linalonirudia ni la jioni ile, tulipokuwa tunaondoka.

Osiako alikuwa amejirudi. Alisema atamwita Oliver, binamu yao anayejua kuendesha, aturudishe Kakamega kwa lile gari, na Jael akae nyuma, vizuri, anyooshe miguu.

"Nikae nyuma ya gari yangu?" Jael akauliza. "Nibebwe kama gunia, na ni yangu? Hapana. Niitie pikipiki."

Bodaboda akaja, baba wa makamo mwenye koti la mvua. Jael alikuwa bado kwenye kiti cha dereva. Mitchel, ambaye mumewe alikuwa amemwacha nyuma na mtoto, alikuja mbio kabla sijafika. Alipiga magoti kwenye matope akaangalia kamba za vyuma vya mama yake kama zimelegea. Kisha akanyoosha mikono, akaipitisha kwapani mwa Jael kama alivyofanya maelfu ya asubuhi. Hakuna mtu duniani aliyejua kumshika kama yeye. Kwake tu Jael hakuwahi kufumba macho.

"Mama, shikilia shingo yangu."

Jael akaitoa mikono ile, mmoja baada ya mwingine, bila kusukuma.

"Wewe usinishike," akasema. Akamwangalia yule mwanamume wa koti la mvua, mtu ambaye hata jina lake hatukulijua. "Baba, njoo wewe."

Mtu yule alisita, akamwangalia Mitchel aliyepiga magoti, akatuangalia sisi. Kisha akaja, akauliza ashike wapi. Jael akamwonyesha, akafumba macho, akabebwa.